Kijijini wananiita Injinia, huku nimeanguka Hisabati mara mbili

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni kijana wa miaka 23, kifungua mimba kwetu, mzaliwa wa kaunti ya Vihiga. Nakuandikia kutoka Leipzig, Ujerumani, ninakosomea uhandisi wa umeme. Niko muhula wa tatu, ukiacha mwaka mzima wa masomo ya matayarisho niliopitia kwanza, kwa sababu cheti cha KCSE peke yake hakikutosha kuniingiza chuo kikuu.

Karo haikuwa kikwazo, kwani chuo changu ni cha umma na hutoza ada ndogo tu ya kila muhula. Kazi ilikuwa kufika. Ubalozi ulitaka kuona pesa za matumizi ya mwaka mzima katika akaunti maalum iliyofungwa, ambayo mwanafunzi hutoa kiasi fulani tu kila mwezi. Mwaka 2023 kiasi hicho kilikuwa euro 11,208, karibu shilingi milioni 1.8 za kwetu. Baba ni mwalimu mstaafu. Alitoa sehemu ya kiinua mgongo chake, akauza robo ekari ya shamba. Vihiga unaijua, huko ardhi tunaihesabu kwa hatua. Baba mdogo akachukua mkopo wa sako kwa jina lake mwenyewe. Kilichobaki kilichangwa kwa harambee katika uwanja wa kanisa. Siku hiyo kulikuwa na jogoo mmoja aliyepigwa mnada mara tatu, kila anayemnunua anamrudisha mezani auzwe tena. Baba ameliweka daftari la wachangiaji mpaka leo, na mimi nina picha zake kwenye simu, ukurasa kwa ukurasa.

Tangu siku hiyo mimi ni Injinia. Mama ni Mama Injinia hata sokoni Chavakali. Stima ikipotea kijijini, hakosi mtu wa kusema tungoje Injinia arudi.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Mtihani wa Hisabati ya mwaka wa kwanza nimeufanya mara mbili na mara zote nimeanguka. Jaribio la tatu ndilo la mwisho, nalo ni mwezi wa pili. Nikianguka tena, ninaondolewa kwenye kozi, na hakuna chuo kingine Ujerumani kitakachonipokea kwa kozi hiyo hiyo. Fomu ya kuomba jaribio la tatu iko mezani pangu. Kila jioni naisogeza ili nipate pa kuweka sahani.

Nafanya kazi katika ghala la vifurushi karibu na uwanja wa ndege, zamu tatu za usiku kwa wiki. Pesa hiyo ndiyo kodi ya chumba, bima ya afya na chakula. Humo humo natoa kitu kidogo cha kumsaidia baba mdogo na mkopo, na karo ya kitinda mimba wetu. Kila mwisho wa mwezi baba mdogo hunitumia picha ya hati yake ya mshahara, palipoandikwa makato ya sako pamezungushiwa wino mwekundu. Haandiki neno jingine. Siku moja tu aliandika, "Dawa ya deni ni kulipa."

Pale ghalani nilikutana na kijana wa Kakamega ambaye sasa anasomea uuguzi kupitia mafunzo ya kazi yanayoitwa Ausbildung. Unasoma huku unafanya kazi hospitalini na unalipwa kila mwezi. Nilituma maombi kimya kimya, nikafanyiwa mahojiano, na hospitali moja imenikubali nianze mwezi wa nne. Wanataka jibu kabla ya Januari kwisha.

Mshauri, nitawaambiaje watu kwamba yule waliyemuuzia jogoo mara tatu anakwenda kuwaosha wazee? Hayo si maneno yangu, ni ya mama. Mwaka jana alimsema hivyo mtoto wa jirani aliyekwenda Uingereza, na sote mezani tukacheka, mimi nikiwa kwenye video.

Aliyejua ni mdogo wangu peke yake. Ana miaka 20, anaendesha bodaboda. Nilimweleza nikitumaini atanionea huruma. Akanijibu, "Wewe tuma pesa tu. Nani huku anauliza mambo ya Hisabati?" Kisha akaniomba shilingi 150,000 alipe wakala mmoja wa Kisumu anayesema atampeleka Ujerumani kufanya kazi, eti serikali hizi mbili zilikubaliana watu 250,000. Sikumjibu, na hatujaongea tangu siku hiyo.

Je, nifanye mtihani niombe Mungu, au nichukue uuguzi nikae kimya hadi nimalize? Nikifikiria kuwaambia nyumbani, tumbo linauma. Nikifikiria kutowaambia, silali. Nisaidie.

Mimi,
Injinia wa Jina Tu


Mulembe, mwanangu.

Barua yako nimeisoma jioni, nikairudia asubuhi. Nilichokielewa ni hiki. Una mtihani mmoja uliobaki unaoweza kukufungia njia, una nafasi ya hospitali inayotaka jibu mwezi ujao, na una watu nyumbani wanaomngoja mtu ambaye huna hakika utakuwa yeye. Umeniuliza uchague mtihani au uuguzi. Nitayagusa yote mawili, lakini naona swali lako lina tumbo kubwa kuliko hilo.

Nianze na ile fomu, kwa sababu ina tarehe na mimi ninaogopa tarehe. Unaandika kama vile kutoijaza ni kuahirisha uamuzi. Huenda sivyo. Katika vyuo vingi vya huko jaribio la tatu huombwa kwa maandishi, na asiyeomba kwa wakati anaweza kuhesabiwa kwamba ameanguka. Yaani sahani yako inaweza kuwa inakuamulia. Nenda wiki hii kwa mshauri wa masomo wa kitivo chako, umuulize maswali matatu tu: siku ya mwisho ya kuomba ni lini, nini hutokea nisipoomba, na nini hutokea nikijiondoa kwenye kozi kabla ya jaribio hilo. Hilo la tatu lina uzito. Aliyeanguka kabisa hufungiwa kozi hiyo nchi nzima, kama ulivyosema. Anayetoka mwenyewe kabla ya hapo mara nyingi huwa bado ana mlango wa kozi ya jirani, au wa vile vyuo vya sayansi tumizi ambavyo mafundisho yake yamelalia zaidi upande wa vitendo, ingawa majaribio yaliyokwisha kufeli yanaweza kuhesabiwa ukifika. Barua yako ina njia mbili. Huenda ziko nne.

Ya nne hukuitaja hata mara moja, nayo ni kurudi nyumbani. Siisemi ili urudi. Naisema kwa sababu mtu akiona jambo moja haliwezi hata kutajwa, hilo jambo humtisha kuliko linavyostahili. Uhandisi wa umeme hufundishwa pia Masinde Muliro pale Kakamega, mwendo wa matatu kutoka kwenu.

Sasa mtihani wenyewe. Nina swali ambalo si la lawama: umewahi kuufanya ukiwa umelala? Zamu tatu za usiku kwa wiki, kisha hesabu za kalkulasi asubuhi, na picha ya wino mwekundu kila mwisho wa mwezi. Sijui kama Hisabati imekushinda au kama hujawahi kukutana nayo ukiwa na nguvu zako. Wewe pia hujui, nadhani. Ukitaka kujua, itakubidi upunguze zamu kwa wiki sita au nane, na hapo ndipo ubishi wa pesa unapoanza. Kuna watu wa kuulizwa. Shirika la huduma za wanafunzi, lile linaloendesha hosteli na mabwalo ya chakula, lina ushauri wa kijamii na wa kisaikolojia bila malipo. Jumuiya za wanafunzi za makanisa ya Kiprotestanti huko nazo zina mfuko wa dharura kwa wanafunzi wa kigeni wanaotoka nchi kama zetu, na huna haja ya kuwa muumini wao. Msaada si mkubwa wala si wa hakika, lakini unaweza kukununulia usingizi wa mwezi mmoja. Na hao wa ushauri wa kisaikolojia, tafadhali, uwaendee hata kama pesa ingekuwa tele. Mtu ambaye halali na tumbo linamuuma asiamue mambo makubwa akiwa peke yake chumbani.

Uuguzi je? Hapa nataka nikusumbue kidogo kutoka pande zote mbili. Mama alisema "kuosha wazee", na wewe umelibeba neno hilo hadi Leipzig. Mafunzo hayo ni ya miaka mitatu, na sheria yao inadai saa zisizopungua 2,100 darasani na 2,500 kazini, kisha mtihani wa serikali. Hospitali nyingi za umma hulipa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Akimaliza ni muuguzi kamili, na cheo hicho hapa kwetu hakuna anayekicheka akiwa amelazwa Mbale au Kakamega. Kijerumani ambacho wengine hukihangaikia miaka miwili unacho tayari. Kwa hivyo aibu hiyo sidhani ni ya kazi. Nadhani ni ya jina Injinia.

Lakini katika barua nzima hukuniambia kama unataka kuwa muuguzi. Uliniambia inalipa, na kwamba wamekukubali. Baada ya kuanguka mara mbili, kukubaliwa ni kutamu sana, naelewa. Ila uuguzi pia una zamu za usiku. Una kuinua watu wazito, una vifo, una madokta wanaozungumza haraka, una mitihani kwa Kijerumani. Miezi sita ya kwanza ni ya majaribio, na hospitali inaweza kuvunja mkataba kwa urahisi katika kipindi hicho, huku kibali chako cha kukaa kikiwa kimeegemea mkataba huo huo. Muulize yule kijana wa Kakamega akueleze siku yake mbaya kuliko zote, si mshahara wake. Na ikiwezekana, iombe hospitali ikuruhusu ushinde siku mbili tatu wodini kabla ya kutia sahihi. Ni ombi la kawaida kwao.

Kuhusu kibali, sheria ya huko ilitanuliwa Machi 2024, na mwanafunzi kuhamia mafunzo ya kazi si kizingiti kama zamani. Hata hivyo usiache chuo kabla ofisi ya wageni haijakupa jibu kwa maandishi. Kuhama ukiwa bado mwanafunzi ni jambo moja, na kwenda ofisini ukiwa umekwisha kufutwa chuoni ni jambo jingine. Hii ndiyo hatari ninayoiona katika mpango wa "nifanye mtihani niombe Mungu" huku barua ya hospitali ikilala. Mungu aombwe, lakini hospitali nayo iulizwe kama inaweza kungoja hadi matokeo yatoke. Wakikataa, angalau utakuwa umejua unacheza na nini.

Sasa nyumbani, maana huko ndiko barua yako ilikonipeleka.

Umeliita jambo lote deni. Shamba, sako, harambee, jina, vyote umevitia katika gunia moja na kulibeba. Naomba tulifungue. Mkopo wa baba mdogo ni deni la kweli, lina kiasi na lina mwisho. Umewahi kumuuliza limebaki shilingi ngapi? Barua yako haikutaja. Inawezekana kabisa limebaki dogo kuliko unavyoliogopa, au kubwa zaidi, lakini vyovyote vile ni hesabu, si hukumu. Ni kweli dawa ya deni ni kulipa, ila sako haitajali kama fedha imetoka kwa mhandisi au kwa muuguzi. Tena mwandikie wewe kabla mwezi haujaisha, umwambie mwezi huu nitatuma hiki na mwezi ujao hiki. Ninashuku wino ule mwekundu ni wa mtu asiyejua aanzie wapi kuongea.

Harambee ni kitu kingine. Nimekaa katika harambee nyingi za upande huo, na yule jogoo anayerudishwa mezani namjua vizuri. Watu hurudisha jogoo kwa sababu wanafurahi, kwa sababu Mwalimu aliwafundisha wao au watoto wao, kwa sababu kesho ni zamu ya mwanao. Wachache sana katika daftari lile wanajua uhandisi wa umeme ni nini. Sikuambii hawatasema. Watasema, kijiji ni kijiji, na mama yako atasikia maneno dukani kwa miezi kadhaa. Lakini wewe umelifanya daftari la shukrani kuwa daftari la wadai, na sidhani baba alilihifadhi kwa nia hiyo. Ungemuuliza.

Baba mwenyewe, mwalimu maisha yake yote. Unadhani ni wanafunzi wangapi amewaona wakirudi na matokeo mabaya, wengine wakiwa werevu kuliko waliofaulu? Unamwogopa kama baba, nami sikulaumu, lakini huenda katika familia nzima yeye ndiye mwenye uzoefu zaidi wa jambo hili. Kumwambia kuna hatari zake. Anaweza kukasirika, anaweza kunyamaza, na kunyamaza kwa wazee wetu kunauma kuliko kelele. Anaweza pia kukusukuma ufanye mtihani kwa ajili yake, na ukajikuta unaamua kwa sauti ya mtu mwingine. Ndiyo maana wengine hupenda kuamua kwanza, kisha wakaambia. Wengine huambia kwanza ili waamue wakiwa wepesi. Wewe unajijua. Ninachokitilia shaka ni lile wazo lako la kukaa kimya hadi umalize. Miaka mitatu ya kuitikia "Injinia" kwenye video ni mirefu, na Vihiga wana jamaa Ujerumani siku hizi. Usipowaambia wewe, wataambiwa na mtu ambaye hatajua kueleza.

Mama usimwambie kwenye kundi la ukoo, wala usimtumie sauti. Mpigie akiwa peke yake. Ile kauli yake juu ya mtoto wa jirani, mwache aikumbuke mwenyewe, usimrudishie.

Limebaki shamba, na hapa nataka twende polepole. Robo ekari ile ilikuwa ya nani baadaye? Kwa desturi zetu, ilikuwa ije igawanywe kwa wana, na mmoja wao leo yuko juu ya pikipiki. Je, kuna aliyemuuliza siku ile? Ulipomweleza mdogo wako kuhusu Hisabati, ulitaka huruma, akakujibu kwa ukali. Nimelisoma jibu lake mara kadhaa, na sisikii dharau. Namsikia kijana aliyetoa sehemu yake bila kuombwa, na sasa anaambiwa kwamba kilichonunuliwa nayo huenda hakipo. Kati ya watu wote uliowataja, huyu hayumo hata katika daftari lile, ingawa huenda alichanga kuliko wote. Haimaanishi umlipe shamba. Inamaanisha labda mazungumzo ya kwanza si na baba, wala na mama.

Na hata kama hutaki kuyaanza leo, mpigie kwa sababu ya yule wakala. Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin, Septemba 13, 2024, hilo ni kweli. Lile la watu 250,000 si kweli, na wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani yenyewe ililikanusha siku zile zile. Wakala halali lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na mdogo wako anaweza kuliulizia jina lake huko kabla ya kutoa hata shilingi. Ikiwa anataka kweli kuja, basi ana kaka anayejua Kijerumani, anayejua akaunti iliyofungwa ni nini, na anayejua jinsi ya kuomba mafunzo ya kazi bila wakala. Mwambie akutumie vyeti vyake.